Sindano ya ini ilivyonizamisha, na kalenda ya mke wangu

Mwaka 2012 nilianzishiwa dawa ya homa ya ini, ile aina ya C: interferoni unadungwa mara moja kwa wiki, na ribavirini vidonge kila siku, wiki 48. Hivi vidonge vya siku hizi, vya kutibu aina ya C kwa wiki 12, vilikuwa bado. Pesa usiulize, kiwanja cha mamangu kiliuzwa. Nilionywa homa na kuumwa mwili, moyo kuzama sikuambiwa hata neno.

Homa niliiweza, najidunga Ijumaa usiku na Panadol juu, Jumatatu niko kazini.

Kama wiki ya tisa hivi nimekaa Likoni nangoja feri, ikaja ikaondoka, ya pili ikaondoka, ya tatu pia. Mahamri mkononi, mafuta yashapenya gazeti, na mimi nashindwa kunyanyuka tu. Nyumbani mtoto akicheka natoka nje nalia.

Jirani akasema ni jini la bahari. Nikapelekwa kwa mtu, nikafukizwa ubani, nikanywa kombe, yale maji yaliyooshewa aya, siku tatu. Dua sikatai, dua ilinishika mkono, lakini yule mtu aliniambia niache sindano na mpaka leo nina hasira naye, manake niliruka moja kweli, nafuu sikuiona na dozi ikapotea.

Aliyeniokoa ni mke wangu. Kwenye kalenda ya ukutani, tangu sindano ya kwanza, alikuwa akitia alama kwa wanja wake: siku niliyokula na kuzungumza duara, siku niliyolia mkato. Akaibandua, akaifutika ndani ya buibui, tukaenda. "Daktari, huyu siye niliyeolewa naye, hebu tazama." Wiki za mwanzo duara tupu, halafu mikato mitupu mpaka chini. Daktari akasema ni interferoni, inashusha serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hali ya moyo, wengi huwapata. Akaniuliza kama nawaza kujidhuru, nikamwambia hapana, ila sioni haja ya kuamka. Akaniandikia sitalopramu, vidonge vya kutibu huko kuzama moyo, na nirudi kila wiki.

Vile vidonge havifanyi kazi kesho yake, msivitupe! Mimi ilichukua kama mwezi ndio duara la kwanza likarudi. Na kama unadungwa interferoni, hata kwa aina ya B, mwambie mtu wa nyumbani akuangalie, wewe mwenyewe hujioni.

Nilimaliza. Miezi sita baadaye kipimo hakikuona virusi. Kalenda tunayo bado, wanja umeanza kufifia.