Sindano ya buluu na namba iliyoshuka

Damu niliyoletewa maabara mchana ilikuwa na rangi ya kahawa. Nikadondosha tone kwenye karatasi nyeupe, nikaliacha lipigwe na hewa. Halikugeuka jekundu.

Mwenyewe ni kijana aliyelazwa hapa Moshi, anatumia dapsoni, dawa ya ukoma. Kwa baadhi ya watu dawa hiyo huharibu madini ya chuma yaliyo ndani ya hemoglobini hadi yashindwe kubeba oksijeni, ndiyo methemoglobini. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilikuwa kimeganda kwenye asilimia 85, oksijeni anawekewa na namba haisogei. Daktari akaagiza methilini bluu, rangi ya buluu ambayo ndiyo dawa ya kuirudisha hemoglobini hiyo katika hali yake, miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, mshipani, taratibu kwa dakika 5.

Haukupita muda simu ikalia. "Kaka, imeshuka hadi sitini na kitu! Mashine inapiga kelele, lakini mgonjwa mwenyewe anaongea, anaomba maji." Nyuma yake nilimsikia shangazi wa kijana analia. Nikamuuliza muuguzi sindano imeingia saa ngapi. Sasa hivi tu, akasema. Basi dada, tusubiri kidogo.

Kile kibanio hakiioni oksijeni. Kinapitisha kidoleni mwanga mwekundu wa nanomita 660 hivi na mwingine usioonekana kwa macho, wa 940, kisha kinapima kila mmoja umemezwa kiasi gani. Damu iliyokosa oksijeni humeza sana ule mwekundu. Na methilini bluu nayo humeza mwanga wa eneo hilohilo, karibu na nanomita 668. Rangi ikipita kidoleni, mashine inadhani oksijeni imekwisha. Ikishasambaa mwilini na kupungua kwenye damu, namba hupanda yenyewe. Ya kijana ilipanda kabla shangazi hajamaliza kufuta machozi.

Kilichonikera ni sampuli ya pili, iliyotolewa mara tu baada ya sindano. Ko-oksimita, mashine ya maabara inayopima aina za hemoglobini, hutumia mawimbi mengi ya mwanga, ila ni mwanga vilevile. Rangi ikiwemo, inaweza kuihesabu kama sehemu ya hemoglobini na kutoa asilimia isiyo ya kweli. Kipimo cha gesi za damu hupima shinikizo la oksijeni kwa elektrodi, kwa hiyo rangi hii haikisumbui, lakini ile asilimia ya oksijeni kinayoikokotoa haina habari kabisa na methemoglobini. Mgonjwa mmoja, majibu matatu, na daktari anataka moja.

Mleta fujo mwenyewe ni mwenzetu wa siku nyingi. Heinrich Caro aliitengeneza rangi hii Ujerumani mwaka 1876. Mwaka 1891 Paul Ehrlich na Paul Guttmann wakatibia nayo malaria, na mpaka leo imo ndani ya Giemsa, rangi tunayopakia slaidi zetu za damu.

Ninachokiogopa zaidi ni kushuka kwa kweli. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na penye malaria watu hao si wachache, akichomwa dawa hii chembe zake nyekundu zinaweza kupasuka. Hapo hemoglobini inashuka kikweli, wala si mwanga uliodanganya. Kwa hiyo kesho nitarudia wingi wa damu na kuangalia slaidi. Mkojo umeshakuwa wa kijani. Shangazi alielezwa mapema, kwa hiyo hakupiga kelele tena. Na nimemwomba muuguzi aandike saa ya sindano juu ya fomu, pembeni, kwa kalamu, maana fomu yetu haina hata mstari wa dawa alizopewa mgonjwa.