Soksi za tyubu ya baiskeli kwenye darasa la bare

Miaka kumi na minane niko nyuma ya cherehani, Kaloleni hapa Arusha, na mgongo ulishaanza kunidai. Nilipotaja darasa la mazoezi ya bare kule Njiro, wifi yangu akanikata maneno: "Hayo ni ya mabinti wembamba, utavunjika." Ushauri huo sikuufuata.

Bare ni lile bomba la ukutani wanaloshikilia wacheza baleti. Visigino juu, magoti nje, unashuka kidogo mno, unapanda, unashuka. Mimi nikazama mpaka chini nikidhani ndiyo nafaidi. Mwalimu akaja: "Mama, inchi moja inatosha. Ukizama hivyo unayabebesha magoti." Nikapunguza, na mapaja yakatetemeka hata pindo la suruali likawa linacheza. Kutetemeka huko ndiko kunakotafutwa. Goti likichoma ni jambo lingine, panda juu, usivumilie.

Kilichonishinda ni sakafu. Vigae, nami nina soksi za kawaida. Kila nikinyanyua visigino, vidole vinateleza. Soksi zenye vidoti vya mpira zinauzwa palepale, karibu na bei ninayotoza sketi. Nikachukua tyubu kuukuu ya baiskeli, nikakata vipande virefu nikavishona chini ya soksi. Kuvaa tu, soksi ikataka kuvutika, mshono wangu haukukubali, uzi ukakatika wote. Usiku wa pili nikakata vidoti vya ukubwa wa kifungo cha shati, nikaenda kwa jirani mwenye mashine ya zigizaga, ambayo mshono wake huvutika pamoja na kitambaa. Mpira hung'ang'ania mguu wa cherehani, kitambaa hakisogei. Nikatandika juu yake karatasi laini ya kukatia patani, nikashona kila kidoti peke yake, kisha nikaichana karatasi. Vingi viwe mbele, chini ya vidole. Zimeshafuliwa mara nyingi, hakijabanduka hata kimoja.

Mwalimu alitueleza kwamba mazoezi haya yalianzia London mwaka 1959 kwa Lotte Berk, mcheza dansi mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa ameumia mgongo. Niliposikia mgongo, nikalipia mwezi mzima.

Huu ni mwezi wa tatu. Nyumbani nashika nondo za dirisha (kiti kitakuangusha), dakika kumi kabla wateja hawajaja. Jana nimemaliza sare za shule tangu asubuhi hadi magharibi, nikainuka kwenye stuli bila kushika meza.