Nilimkanyaga mimi, akaomba samahani yeye

Jumanne jioni nilikuwa naepua wali, nikarudi kinyumenyume na sufuria mkononi, nikamkanyaga binti yangu kidole cha mguu. Akavuta pumzi, machozi yakamlengalenga, halafu akasema: "Samahani mama, sirudii tena."

Yeye ndiye aliyeumia. Pole ilikuwa yake, samahani ilikuwa yangu. Nikatua sufuria, nikamkumbatia, lakini neno lilishatoka.

Wiki hii tumemzika mjomba kule Muheza, na posa ya mdogo wangu imejibiwa, ila nikilala nasikia "sirudii tena" tu. Harudii nini? Kusimama jikoni kwao?

Usiku ule nikampigia mama. Baada ya shikamoo nikamsimulia. Akacheka. "Mwache, ana adabu huyo. Hata wewe ndivyo ulivyokuwa, ukikanyagwa unaomba radhi." Alisema kwa fahari. Mimi ikanichoma.

Chuoni, kwenye ualimu wa awali, tulisoma jaribio la mwanasaikolojia Albert Bandura, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, 1961. Watoto wa umri kama wa binti yangu walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere wa kujaza upepo. Walipoachiwa mwanasesere kama huyo, wengi wakampiga vile vile, baadhi hata kwa maneno yale yale. Nimelisimulia mara nyingi nikiwasihi wazazi waache viboko. Mimi simpigi mwanangu. Ila ananitazama. Konda akinipunja chenji, naanza na "samahani kaka". Baba yake akichelewa chakula kikapoa, mwenye kuomba samahani ni mimi. Ana miaka 4, na macho yake hayabanduki kwangu.

Jana nikiwa nafua nikamsikia barazani na mtoto wa jirani. "Nipe kijiko changu. Changu hicho. Nipe." Bila kulia, bila samahani. Nikaacha nguo kwenye beseni, nikasimama nyuma ya pazia, povu likinichuruzika hadi kwenye viwiko. Sauti ile naijua: ni ya baba yake akiongea na fundi aliyekula pesa ya dari. Kumbe hachoti kwangu peke yangu! Nilifurahi hadi nikashindwa kutoka. Kijiko kilirudi, wakaendelea kupika mchanga wao.

Ila mama, alipocheka kwenye simu, alikohoa kirefu mno. Akasema ni vumbi la msibani. Leo asubuhi nimempigia tena. Kikohozi kile kile, na zahanati hataki kuisikia.