Harajuku kwa macho ya fundi cherehani

Nashona sare za shule Ngamiani, Tanga, huu ni mwaka wa kumi na nne. Mdogo wangu anasoma Japani, na Novemba iliyopita Mungu alinijaalia kwenda kumtembelea kwa wiki tatu. Kila aliyesikia safari ile alikuwa na agizo lake: nikaupige picha mlima Fuji, nikapande treni yao ya mwendokasi. Mimi nilikuwa na neno moja tu, Harajuku, mtaa wa mavazi wa Tokyo. Kwa miaka nimekuwa nikiwaona kwenye simu wale vijana wa mtaa ule, sketi juu ya suruali, rangi saba kwa mpigo, na kila mara najiuliza: hivi hii imeshonwaje?

Siku iliyopatikana ilikuwa Jumamosi, na siku hiyo mdogo wangu alikuwa na kazi ya maabara chuoni. Kwa hiyo ilinibidi niende peke yangu. Kijapani sijui hata cha kuombea maji. Nina sala zangu za kuwahi. Na nilikuwa nimejiwekea yeni 10,000 za siku nzima, nauli, chakula na manunuzi humo humo.

Usiku wake tulikaa chini na daftari.

"Dada, usianze na maduka," akaniambia. "Mengi yanafunguliwa saa tano. Ukifika mapema utakuta milango tu. Anza na msitu."

"Msitu gani tena katikati ya mji?"

"Utauona. Ila angalia saa. Jua la Novemba huku halikai."

Na kweli. Katikati ya Novemba Tokyo jua linazama kama saa kumi na nusu na dakika chache za jioni. Adhuhuri inaingia kabla ya saa tano na nusu, Alasiri saa nane na kitu. Kwa hiyo ratiba yote tuliipanga kwa sala, na ndiyo iliyoniokoa: hekalu asubuhi, mtaa wa vijana saa tano, msikiti mchana, barabara kubwa alasiri, nyumbani kuiwahi Magharibi.

Nilitoka Saitama, kwa mdogo wangu, alfajiri, nikabadilisha treni Shinjuku. Kadi ya Suica nilikuwa nayo, unaigusisha getini unapoingia na unapotoka, nauli inakatwa yenyewe. Ukishaitia pesa kadi hiyo huna haja ya kuhangaika na kukata tiketi. Kutoka Shinjuku hadi Harajuku ni vituo viwili tu kwa reli ya Yamanote, ile inayouzunguka mji kama pete. Saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshuka. Upande mmoja wa kituo ni maduka. Upande wa pili unavuka daraja fupi, na mji unaishia hapo.

Sijui niueleze vipi msitu ule. Unapita chini ya lango kubwa la mbao, wanaliita torii, kisha njia pana ya kokoto inakupeleka ndani, na kila hatua inasikika. Miti imefunga juu. Kumbe yote ile imepandwa kwa mikono. Hekalu la Meiji Jingu lilianzishwa mwaka 1920 kwa kumbukumbu ya Mfalme Meiji na mkewe Shoken, na watu wa kila pembe ya Japani walichanga miti ipatayo laki moja. Vijana walijitolea kuja kuipanda. Wataalamu walioupanga walichanganya aina za miti kusudi msitu uje ujiendeshe wenyewe bila kupandwa tena. Majengo ya hekalu yaliungua kwa mabomu ya vita mwaka 1945, yaliyopo sasa ni ya 1958. Ndani zaidi kuna torii jingine, kimo chake mita 12, nguzo zake ni magogo ya msaiprasi yaliyotoka Taiwan. Nilisimama kando ya nguzo moja nikajiona mdogo kama kifungo.

Mzee mmoja alikuwa anafagia kwa ufagio mpana. Nilimwangalia kwa muda. Majani hakuyatia kwenye mfuko. Aliyasukuma polepole hadi ukingoni mwa njia, akayarudisha chini ya miti yalikotoka. Ndivyo wanavyofanya pale, jani halitoki msituni.

Najua kuna mwenzangu Mwislamu atakayeuliza: na hijabu yako, hekaluni ulifuata nini? Nitajibu kama nilivyofanya. Kiingilio hakuna na hakuna anayekulazimisha ibada. Wenyewe hunawa kwenye birika la maji, wakifika mbele huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, huinama tena mara moja. Mimi sikunawa wala sikupiga makofi. Nilipita pembeni ya njia, kwa sababu katikati huachwa kwa heshima, nilinyamaza walipokuwa wakiomba, na simu niliiweka mkobani nilipofika mbele ya jumba kuu kwa kuwa picha haziruhusiwi hapo. Mgeni kwa watu hukaa kwa adabu, na imani yangu niliingia nayo nikatoka nayo.

Lakini kilichonishika moyo asubuhi ile ni watoto. Novemba Wajapani wana siku yao ya watoto wa miaka mitatu, mitano na saba. Tarehe yenyewe ni 15, ila familia nyingi huja Jumamosi na Jumapili za karibu. Uwanja wa hekalu ulijaa vitoto vilivyovaa kimono, kila kimoja na mfuko mrefu wa karatasi wenye peremende za kuombewa maisha marefu. Hata harusi ilipita, bibi harusi mweupe kuanzia utosini hadi vidoleni chini ya mwavuli mwekundu, na sikumtazama kwa muda mrefu, maana jicho langu lilikuwa limeshanasa begani mwa mtoto.

Alikuwa binti wa miaka saba hivi, amevaa kimono nyekundu yenye maua, anawekwa sawa na bibi yake. Kwenye kila bega palikuwa na mkunjo mnene wa kitambaa, umeshonwa kwa mkono, nyuzi zinaonekana. Kiunoni chini ya mkanda, mwingine. Nikasogea. Fundi akiona mshono asioujua hawezi kupita. Bibi akanitazama. Nikaweka mkono kifuani nikainamisha kichwa, nikanyoosha kidole kwenye bega la mtoto, nikafanya kama naingiza na kutoa sindano. Bibi akacheka, akaelewa. Akaubana ule mkunjo kwa vidole viwili, kisha akainua mkono wake wa pili juu ya kichwa cha mjukuu, juu, juu zaidi. Mtoto akikua, unafumuliwa.

Sisi tunaacha pindo chini ya sketi ya shule, kila fundi wa Tanga anafanya hivyo. Begani sikuwahi kuwaza.

Saa tano nilirudi upande wa pili wa reli, nikaingia Takeshita. Ni kijia chembamba, mita 350 hivi, na siku ya Jumamosi unatembea kwa mwendo wa umati, si wako. Nguo za bei rahisi, soksi, viatu vyenye soli kama tofali, maduka ya krepu, chapati nyembamba za kukunja vitamu ndani, yenye picha zinazokutia njaa. Krepu sikula kwa kuwa sikuweza kusoma kilichomo. Nguo niliziangalia kwa karibu na nitasema ukweli: nyingi ni za mbio, zimepitishwa overlock, ile mashine ya kufunga ncha, na basi, za kuvaa msimu mmoja. Waliovaa ndio waliokuwa na ufundi, kwa namna walivyozichanganya. Niliingia duka la kila kitu kwa yeni 100, ukijumlisha kodi ni 110, nikachukua pakiti tatu za sindano. Taka ubaki nazo mwenyewe, mapipa barabarani ni ya kutafuta kwa tochi.

Kelele zilipozidi nilichepuka hatua chache tu nikajikuta kwenye hekalu jingine, Togo, lenye bwawa na utulivu wa ajabu. Limejengwa mwaka 1940 kwa heshima ya Admirali Togo, aliyezishinda meli za Warusi pale Tsushima mwaka 1905. Nilikumbuka hadithi ya walimu wetu: meli zile zilitoka Ulaya, nyingine zikazunguka Afrika nzima, zikatia nanga miezi miwili hivi Nosy Be, Bukini, kama wazee wetu wanavyoiita Madagascar, kabla ya kwenda kuzama huko. Yaani zilikaa jirani na bahari yetu.

Mchana nikashuka kwenye treni ya chini ya ardhi, reli ya Chiyoda, kituo cha Meiji-jingumae. Vituo viwili tu hadi Yoyogi-Uehara, kisha mwendo mfupi kwa miguu, na ghafla unaona mnara. Msikiti wa Tokyo Camii. Ndugu Mwislamu unayekwenda Harajuku, hili lishike kuliko lolote nililoandika. Msikiti wa kwanza pale ulijengwa mwaka 1938 na Watatari, Waislamu waliokimbia Urusi, ukaja kubomolewa kwa uchakavu, na huu wa sasa wa kituruki ulifunguliwa mwaka 2000. Wanawake tunasali juu. Niliswali Adhuhuri kwa kuchelewa kidogo, nikanunua chakula kwenye duka lao la halali lililo hapo hapo chini, nikapumzisha miguu, nikaswali Alasiri ilipoadhiniwa. Mama mmoja wa Kiindonesia alinipa tende bila kuniuliza natoka wapi. Nilitoka pale mwepesi.

Omotesando niliiacha mwisho kwa makusudi, na sasa najua maana ya jina lake: njia ya mbele ya kwendea hekaluni. Barabara hii ya maduka ya bei kubwa kuliko yote ilifunguliwa mwaka ule ule wa 1920, iwe njia ya kufikia Meiji Jingu. Miti ya zelkova imeipamba pande zote mbili, na Novemba majani yake yanakuwa ya rangi ya kutu. Omotesando Hills, jengo la mwaka 2006 lililochorwa na Tadao Ando, halikuinuliwa kuipita miti ile, na ndani si lazima upande ngazi, unaweza kuzunguka kwa mteremko hadi juu. Vioo vya maduka nilivitumia kama darasa: nilisimama nikasoma kola, nikasoma mabega ya makoti. Bei sikuzitazama mara mbili.

Ununuzi wangu niliufanya kwenye vichochoro vya nyuma, maana Harajuku ni mtaa wa mitumba pia. Ila mtumba wao umefuliwa, umepigwa pasi, umepangwa kwa rangi, na hakuna kupatana bei, unalipa kilichoandikwa. Mgeni akinunua kuanzia yeni 5,000 kwenye duka moja lenye utaratibu huo, akionyesha pasipoti, anasamehewa kodi. Mimi sikufika huko.

Kwenye duka moja nilikuta fungu la kimono zilizovaliwa. Futi kamba naitembeza nayo mkobani siku zote. Nikaishika ya mtu mzima, nikaigeuza ndani nje, nikaanza kuisoma. Ubavu, kwapa, mgongo, kote mshono umenyooka. Sikuona palipokatwa kwa kupinda. Upana wa mkono sentimita 33, na kitambaa kilichobaki hakikukatwa, kimekunjwa ndani ya mshono kikatulia. Jora la kimono ni jembamba, sentimita 36 hivi, na urefu wake ni kama mita 12. Jora zima linaingia kwenye nguo. Ukitaka kuifua vizuri unaweza kuifumua yote, ukaviunga vipande vikawa jora tena, ukafua, ukashona upya. Nikafikiria magunia ya vipande ninayotupa kila Januari.

Chini ya fungu palikuwa na ya mtoto, ya buluu, na mkunjo wa mabega ulikuwa umeshafumuliwa. Matundu ya sindano yalikuwepo bado, mstari mmoja mdogo mdogo, na kitambaa kilichokuwa kimejificha mle ndani kilikuwa buluu zaidi kuliko kilichobaki. Mtoto yule alikua. Nililipa yeni 2,200, nikaikunja kama kanga mpya.

Treni ya kurudi niliipanda taa zikiwa zimeanza kuwaka. Magharibi niliiwahi, na yeni 3,000 na ushee zilibaki. Mdogo wangu alinikuta nimeitandika ile kimono sakafuni, nachora.

Januari shule zilipofunguliwa, mama mmoja aliniletea binti yake anayeanza darasa la kwanza, anataka mashati mawili ya mikono mirefu. Niliyashona na mkunjo begani, upande wa ndani usionekane. Alipokuja kuchukua akayageuza, akauona.

"Fundi, na hiki cha nini?"

Nikaubana kwa vidole viwili, kisha nikainua mkono juu ya kichwa cha mtoto, juu, juu zaidi.