Jini iliyogeuka maji ya mchele

Niliongeza maji polepole kama nilivyofundishwa, mtungi baada ya mtungi, huku nikikoroga. Jini, ile pombe kali inayonukia viungo, ilikuwa angavu kabisa. Kipimo cha kileo kilipokaribia asilimia 46 nikaona utando mwembamba ukitambaa kutoka chini ya tangi, kama moshi. Nilipofika 42, tangi zima lilikuwa jeupe kama maji yaliyooshewa mchele. Karibu lita 190. Nilikaa juu ya kreti nikalitazama.

Wakati huo nilikuwa na mwaka wa tatu katika kiwanda kidogo cha pombe kali magharibi mwa Finland. Tuko watu watano na mtambo mmoja wa shaba. Nilianza kwa kuosha chupa na kubandika lebo, kisha nikasogezwa kwenye mtambo, na jini ile ilikuwa ya kwanza kukabidhiwa niipike mwenyewe kuanzia msituni hadi kwenye chupa.

Viwanda vya namna hii vimeota kwa wingi huku katika miaka kumi na kitu iliyopita. Kyrö, ambacho wengi wanakifahamu, kilianzishwa mwaka 2012 na marafiki watano huko Isokyrö, katika jengo lililowahi kuwa kiwanda cha maziwa. Mwaka 2015 jini yao ya Napue ilishinda tuzo ya IWSC, shindano la kimataifa la vinywaji, ya jini bora ya kuchanganya na toniki. Baada ya hapo kila kiwanda kidogo kilitaka msitu ndani ya chupa: tyrni, yale matunda madogo ya rangi ya chungwa ya pwani, yaliyo makali kama ndimu, karpalo, matunda madogo mekundu ya kwenye vinamasi, mesiangervo, ua jeupe la kando ya mitaro linalonukia asali na lozi. Mimi nilichagua kuusenkerkkä, yaani machipukizi ya kuusi, mti wa jamii ya msonobari ambao ndio umejaa misitu ya huku. Chipukizi likiwa changa ni laini, la kijani kibichi, na ukilitafuna linatoa uchachu wa limau na harufu ya utomvu kwa mbali. Nilitaka uchachu huo bila kununua ganda hata moja la limau kutoka Hispania.

Kulipata chipukizi ni kazi. Hapa Finland kuna desturi inayoitwa haki ya kila mtu: unaweza kuingia katika msitu wa mtu usiyemjua, ukachuma matunda, uyoga na maua bila kuomba. Lakini haki hiyo haifiki kwenye mti wenyewe. Majani, magome, utomvu na machipukizi ni mali ya mwenye msitu, na naona ni sawa kabisa, maana chipukizi ndiyo ukuaji wote wa tawi kwa mwaka ule. Ukikata la kileleni umeupindisha mti maisha yake yote. Halafu muda wenyewe ni mfupi: mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Juni, wiki mbili au tatu, kisha yanakomaa na kuchoma ulimi.

Kwa hiyo nilikwenda kubisha hodi kwa mzee mmoja mwenye msitu karibu na kiwanda. Wafini hawana maneno mengi. Alinipa kahawa, akanisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: nimejifunza wapi kupika pombe? Nikamwambia kweli. Nimekulia milima ya Usambara, upande wa Lushoto, na jirani yetu alikuwa mama mmoja aliyepika gongo bondeni, kando ya kijito. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza. Akanisimulia kuhusu pontikka, gongo yao, na jinsi babu yake alivyokuwa na mtambo wake nyuma ya kinamasi enzi za marufuku ya pombe, kuanzia 1919 hadi 1932. Akanionyesha sehemu ambayo miti yake midogo ingepunguzwa mwaka ule. "Chuma hapo," akasema, "hiyo itakatwa hata hivyo."

Nilichuma kilo 14 kwa siku tatu, mbu wakinila, jua likiwa bado juu saa nne ya usiku.

Sasa nieleze kosa langu. Jini ya aina yetu ni spiriti safi inayopikwa upya pamoja na viungo. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka harufu ya mreteni itawale na kileo kisipungue asilimia 37.5. Mreteni wa huku huitwa kataja. Vitunda vyake huchukua miaka miwili hadi mitatu kuiva, ndiyo maana kichaka kimoja huwa na vya kijani na vya buluu kwa pamoja. (Mara ya kwanza nilipopasua kijiti cha kataja nilisimama kimya. Ilikuwa harufu ya sanduku la nguo la bibi yangu, la mbao za mwangati. Baadaye nikajua kwamba ni miti ya jenasi moja, Juniperus. Mwangati ndiye wa milima yetu.) Nilitia kilo nne za kataja katika lita 200 za spiriti ya asilimia 50, na juu yake kilo sita za machipukizi, yote ndani ya spiriti hiyo mtamboni, yachemke pamoja. Nilidhani wingi ndio utamu.

Machipukizi yana mafuta mengi. Katika kileo kikali mafuta hayo huyeyuka na huyaoni. Ukiongeza maji yanakosa pa kukaa, yanajitenga kwa matone madogo mno, na kinywaji kinakuwa cheupe. Haikuwa sumu wala haikuoza, lakini ilinuka kama mboga zilizochemka kupita kiasi, na hakuna duka ambalo lingeipokea. Tuliihifadhi ili ipikwe upya. Bosi wangu hakunigombeza. Alisema nina kilo nane kwenye friza na nizitumie vizuri.

Usiku ule nilimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imekufa?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama namkumbuka jirani yetu alivyokuwa akijua pa kukomea. Namkumbuka vizuri sana. Alikuwa na pipa, mrija wa shaba uliopita ndani ya maji ya kijito, na hakuwa na kipimo chochote. Ya kwanza kabisa aliimwaga. Baada ya hapo alikuwa akikinga matone kiganjani, anasugua viganja viwili, anasubiri ukali upae, ananusa. Sisi watoto tuliotumwa maji alitunusisha pia. "Hii bado. Hii bado. Hii imeshageuka," kisha anabadilisha chombo. Gongo ni haramu kisheria Tanzania, na yule mama alichukuliwa na polisi zaidi ya mara moja. Sijawahi kukutana na pua kama yake, hata huku.

Kiwandani sisi tulikomea kwa kipimo: kileo kikishuka hadi asilimia 60, unafunga, kinachofuata ni mkia, yaani sehemu ya mwisho yenye harufu nzito. Kwa jini yetu ya kawaida kanuni hiyo inafaa. Kwa machipukizi haikufaa, na nilikuwa nimeifuata kama msahafu.

Safari ya pili nilipunguza machipukizi hadi kilo mbili, yakiwa yamegandishwa siku ileile ya kuchumwa. Sikuyatia ndani ya spiriti. Niliyaweka kwenye kikapu cha shaba kilicho juu, mvuke upite katikati yake, kwa kuwa mvuke huchukua harufu nyepesi bila kuyapika majani. Moto niliupunguza. Pembeni nikaweka glasi za maji baridi, na kila dakika kumi nikadondosha matone ndani ya glasi mpya na mengine kiganjani.

Ilianza na mreteni, kavu na kali. Kisha limau likaja, wazi kabisa, likadumu zaidi ya saa nzima. Glasi zilibaki safi. Kileo kilipokuwa asilimia 68 nilisugua viganja, nikasubiri, nikanusa, na chini ya lile limau kulikuwa na kitu kama kitambaa kilicholala na unyevu. Glasi iliyofuata ilionyesha uzi mweupe. Mwenzangu akaniambia bado kuna lita nyingi za kukinga. Nikafunga palepale.

Tulipata pungufu, karibu lita ishirini chini ya kawaida, na hasara hiyo iliniuma kwa sababu kodi ya pombe huku ni kubwa na kila lita inahesabiwa. Kuongeza maji nilitumia siku tatu, kidogo asubuhi na kidogo jioni, nikishusha hadi 44 badala ya 42 ili mafuta yabaki yameyeyuka. Asubuhi ya nne niliweka tochi nyuma ya chupa ya sampuli. Mwanga ulipita moja kwa moja.

Pombe kali huku inauzwa rejareja na Alko, maduka ya serikali, kwa hiyo ilichukua miezi kabla ya chupa kufika rafuni. Ya kwanza sikuingoja huko, nilimpelekea mzee. Alimimina kidogo kwenye glasi, akaongeza maji ya bomba, akainyanyua kuelekea dirishani na kuitazama kwa muda mrefu akitafuta weupe. Alikunywa, akaiweka glasi mezani, akaenda chumbani akarudi na ramani ya msitu wake. Akaweka kidole upande wa kaskazini, ng'ambo ya barabara ya magogo, mahali ambapo miti itapunguzwa Juni ijayo.