Siku Mwenge Ulipotukuta Kidahwe

Kama unasafiri kwenda mkoa ambao Mwenge wa Uhuru unakimbizwa, usiishie kuuliza basi linaondoka saa ngapi. Uliza siku hiyo Mwenge unapita wapi, unazindua nini, na usiku unakesha uwanja gani. Nasema kwa uchungu, kwa sababu haya yote niliyauliza kwa mdomo wangu pale dirishani, stendi ya Tabora. Kijana aliyenikatia tiketi hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. "Barabara nyeupe, mama. Saa tisa alasiri unakunywa chai Ujiji." Akapokea hela, akanipa siti ya dirishani, nami nikaondoka nimeridhika.

Nilikuwa nawahi harusi. Binti wa marehemu kaka yangu alikuwa anaolewa Ijumaa baada ya swala, na kwetu shangazi haji na wageni. Shangazi ndiye anayekaa ndani na bibi harusi, anayekagua sanduku, anayejua nini kimeletwa na nini bado. Nilipakata dumu la asali, maana ukitokea Tabora ukafika Ujiji huna asali, hata watoto watakuuliza umekuja na nini.

Kutoka Tabora hadi Uvinza sina mengi ya kusimulia. Basi lilitangazwa lina kiyoyozi, na nauli ikapandishwa kwa ajili ya kiyoyozi hicho, lakini hakikuwashwa hata dakika moja. Tukafungua madirisha tukala vumbi. Konda alijaza watu katikati, wengine wamekalia ndoo, wote wakatozwa nauli ya siti. Tulipopewa nafasi ya kuchimba dawa na kula, chai na chapati vikauzwa kwa bei ya sahani ya wali. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliuliza bei, akarudi garini bila kununua. Hilo liliniuma kuliko vumbi.

Tulipovuka Daraja la Kikwete pale Malagarasi nilitoa kichwa dirishani kuutazama mto, kama ninavyofanya kila nikipita. Nilipokuwa mdogo hatukuwa na habari za kwenda Tabora kwa gari. Masika yakiingia mto unafurika, njia inakatika, na aliye ng'ambo anabaki ng'ambo. Safari ilikuwa ni treni. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa miaka mingi baada ya hapo sisi watu wa ziwani hatukuwa na mlango mwingine wa kutokea. Kabla ya reli watu walitembea kwa miguu, Ujiji hadi Tabora, Tabora hadi Bagamoyo, na wengine hawakwenda kwa hiari, na pembe za ndovu mabegani. Nikayafikiria hayo, nikajiambia kiti kibovu si kitu.

Basi, tukafika karibu na Kidahwe, pale barabara ya Kasulu inapokutana na ya Uvinza. Saa yangu ilisema saa nane na nusu. Kwa mahesabu ya yule kijana wa dirishani, chai ya Ujiji ilikuwa inachemka.

Askari wawili walikuwa wamesimama katikati ya barabara. Dereva akazima injini. Konda akashuka, akazungumza nao, akarudi akatutangazia kwamba msafara wa Mwenge uko mbele, unaweka jiwe la msingi kwenye mradi kijijini, na hakuna gari linaloruhusiwa kupita mpaka umalize. "Dakika ishirini tu, wapendwa abiria."

Tulikaa pale mpaka jua likazama.

Nataka nieleweke vizuri. Sina ugomvi na Mwenge. Nimekua nikiukimbilia barabarani kama watoto wote wa nchi hii, na nikiuona hata leo moyo unanidunda. Msafara wenyewe ni magari mengi, barabara ni moja, pembeni kuna watoto wa shule wamejipanga. Ukiruhusu mabasi yapenye katikati utaua mtu. Kufunga barabara ni sawa kabisa. Kisicho sawa ni kwamba ratiba ile ilikuwa inajulikana. Mwenge hautokei ghafla. Kila halmashauri inajua tarehe yake mapema, inajua saa ya mapokezi, inajua mradi upi unatangulia na upi unafuata, na asubuhi ya pili inaukabidhi kwa majirani zao mpakani. Mwenye basi angepiga simu moja tu Kigoma angejua. Angetuondosha alfajiri zaidi, au angetwambia wazi kwamba leo tutachelewa, mwenye haraka apande treni. Badala yake walituuzia tiketi wakanyamaza, ili siti zisibaki tupu.

Saa moja ikapita, ya pili ikapita. Vijana watatu walishuka wakachukua bodaboda. Dereva wa bodaboda alitaka elfu kumi na tano kwa kila kichwa kuwapitisha njia za ndani, katikati ya michikichi, mpaka Ujiji. Nilitamani kuwafuata, lakini dumu na sanduku langu ningeviweka wapi? Baada ya muda tukawaona wamerudi na vumbi hadi kwenye kope, njia za ndani nazo zimezuiwa, na nusu ya hela wamenyimwa. Chupa ya maji ikapanda hadi elfu moja na mia tano. Ndizi zilizokuwa tatu kwa mia tano zikawa moja kwa mia tano.

Nilishuka kunyoosha miguu, nikaenda mpaka walipojipanga wanafunzi. Mwalimu wao aliniambia wako pale tangu adhuhuri. Kando yangu alisimama binti mdogo, la pili au la tatu hivi, ameshika mwenge wake mwenyewe: kopo la maziwa limepigiliwa kwenye fimbo ya mpera, ndani yake karatasi nyekundu na ya njano zimekatwa ncha kali ziwe kama ndimi za moto. Upepo ulikuwa umechana ncha moja, naye aliibana kwa kidole gumba isiondoke. Midomo ilikuwa imemkauka. Nikamnunulia maji, nikamwambia aushushe kidogo anywe. Akakataa kuushusha. Alikunywa kwa mkono mmoja, huku mwenge umenyooka vilevile, maji yanamwagikia sare.

Mzee aliyekuwa siti ya nyuma yangu naye alikuwa ameshuka. Nilimwamkia, akaitikia, tukazungumza. Akaniambia katika ujana wake, enzi za Umoja wa Vijana wa TANU, aliwahi kuukimbiza Mwenge wilayani kwao. Nikamuuliza ni mzito? Akasema uzito wake huusikii wakati unakimbia, unausikia usiku ukilala, bega linapoanza kudai. Alinihadithia kama anayehadithia harusi yake mwenyewe: Luteni Alexander Nyirenda alivyoupandisha kileleni Kilimanjaro usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, na kabla ya hapo, mwaka 1959, Mwalimu alivyolisema jambo hilo wakati nchi bado iko chini ya Mwingereza, kwamba tutauwasha na kuuweka juu ya mlima, umulike hata nje ya mipaka yetu. Mbio zenyewe zikaanza 1964. "Wakati ule," mzee alisema, "kijiji kizima hakina taa. Ukiuona ule moto unakuja gizani, unajua unakuja kwako."

Nikamuuliza, "Sasa baba, huku kukaa masaa yote haya hakukukeri?"

"Kunanikera sana," akanijibu. "Sisi tulikuwa tunatuma mtu wa baiskeli siku moja kabla, anapita kila kijiji anawaambia watu: kesho jioni, msiende mbali. Leo mna simu mkononi na hakuna aliyewaambia."

Kisha tukasikia king'ora. Binti wa mwenge wa kopo akaanza kuruka. Magari ya mbele yakapita, halafu kundi la wakimbiza Mwenge likatokea kwa miguu kwenye kona, na watu wakapiga kelele ambazo sijui nizieleze vipi. Mwenge ulipita karibu nami kiasi cha kuona mkono uliouinua ukitetemeka. Jua lilikuwa bado halijazama vizuri, kwa hiyo mwali wenyewe hauonekani sana. Unachoona ni hewa juu ya chuma inacheza, na miti iliyo nyuma yake inapinda. Mzee alivua kofia, akasimama wima mikono ubavuni. Nilitokwa na machozi. Nilikuwa na hasira na basi, na njaa, na wasiwasi wa harusi, na bado nililia kwa furaha, na sioni kama kimoja kinafuta kingine.

Tuliruhusiwa baada ya magharibi, lakini nyuma ya msafara, kwa mwendo wa msafara. Stendi ya Masanga tuliingia usiku. Abiria waliokuwa wanaendelea na safari kesho yake wakaanza kutafuta pa kulala, na hapo ndipo walipokamuliwa. Mkoa umejaa wageni: watumishi, waandishi, wafanyabiashara wanaofuata mikesha. Chumba cha elfu kumi na tano kilikuwa elfu arobaini, na maji ya ndoo. Yule mama mwenye mtoto mgongoni nilimwita nikaenda naye kwetu. Nyumba ya harusi haikosi mkeka. Bodaboda wetu wawili walitaka elfu saba kila mmoja mpaka Ujiji. Nililipa, nikiwa nimelikumbatia dumu langu la asali.

Kutoka barazani kwetu ziwa linaonekana kati ya nyumba mbili. Ilikuwa giza la mwezi, na wavuvi wa dagaa walikuwa kazini, taa zao zimetanda mpaka mtu asiyepajua angedhani ng'ambo ya pili kuna mji mkubwa. Mbalamwezi ikitoka wanapumzika, kwa sababu dagaa hawaifuati taa kukiwa na mwanga mwingine. Baba yangu aliifanya kazi hiyo kwa karabai. Namkumbuka akipampu mafuta ya taa, akiushika kwa hofu ule utambi mweupe ambao ukishawaka mara moja unabaki majivu matupu, ukiugusa tu umekwisha na hela yako imekwisha. Siku hizi ni taa za betri na za sola, vijana hawajui harufu ile. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, dada yangu alinipigia simu akaniambia usiku Ujiji haitazamiki, ziwa lote jeusi. Nilimwelewa. Mgeni wangu, yule mama wa mtoto mgongoni, hakuwa amewahi kuliona ziwa kabisa. Alikaa barazani na mwanawe mpaka nilipomletea ugali wa muhogo na mgebuka, akala huku anatazama kule.

Ijumaa sasa. Mwenge ulikabidhiwa manispaa asubuhi, na ratiba ikaupitisha Gungu, Mwanga, hadi kwetu Ujiji. Maana yake barabara ambayo bwana harusi, anayetoka Kibirizi, angepita nayo kuja msikitini ilikuwa inafungwa saa zilezile. Nyumbani tulikuwa tumeshakata tamaa. Wanawake jikoni wameanza kuzungumzia kusogeza nikahi hadi alasiri, na bibi harusi amenyamaza kimya kile ambacho shangazi anakijua.

Kumbe mjomba wa bwana harusi ana boti, na mjomba huyo alikuwa ameiulizia ratiba ya Mwenge wiki nzima kabla. Hakumwambia mtu. Asubuhi alimpakia kijana na wazee wake wote pale mwalo wa Kibirizi, wakakatiza ghuba, wakaizunguka Bangwe na Katonga, wakashukia mwaloni Ujiji. Tulisikia vigelegele vinatoka upande wa ziwani, upande ambao hatukuutarajia, tukatoka nje. Wanapanda kutoka majini, kanzu wameshika mikononi hadi magotini, viatu mabegani mwa watoto, bwana harusi amelowa pindo lote na kofia yake iko sawasawa kichwani. Adhana ya Ijumaa haikuwa imeanza. Mjomba alikuwa nyuma kabisa anafunga kamba ya boti, hana haraka.

Nikahi ilifungwa kwa wakati wake. Tulipotoka msikitini Mwenge nao ukapita, na bibi harusi akauangalia kutoka dirishani na hina mikononi.

Kurudi Tabora nilipanda treni. Ilikuwa ya taratibu, na behewa letu lilikuwa na kunguni, nalisema hilo ili lisikike. Lakini saa waliyoniambia itaondoka, iliondoka. Mdogo wake bibi harusi naye ameshachumbiwa, kwa kijana wa Mwandiga. Posa imepokelewa, mahari imezungumzwa. Tarehe bado. Mjomba wa Kibirizi amesema haitajwi tarehe yoyote mpaka ratiba ya Mwenge ya mwaka kesho itoke, nami kama shangazi nimemuunga mkono, na wazee wamekubali.