Kusafisha Filamu kwa Barafu

Mwaka 2009, fundi mmoja wa picha katika Mji wa Kale wa Mombasa alikubali kunifundisha kutumia kamera kubwa ya mbao, ile inayopakiwa filamu za vipande za inchi 4 kwa 5. Kupiga kwenyewe hakukunisumbua sana. Asubuhi tulipiga ukuta wa Ngome ya Yesu unaotazama bahari, nami chini ya kitambaa cheusi niliizoea upesi taswira iliyopinduka juu chini kwenye kioo cha ukungu kilicho nyuma ya kamera. Shughuli ilikuwa usiku, tulipoingia kusafisha, yaani kuzitia filamu dawa ili picha itokee.

Chumba chake cha giza kilikuwa stoo iliyozibwa kila upenyo, na joto lilikuwa la Machi. Dawa ya kusafishia hutakiwa iwe nyuzi 20 za Selsiasi, ilhali maji ya bomba yalikaribia 30. Katika joto hilo dawa hufanya kazi kwa pupa, picha hutoka na mabaka, na gelatini inayoibeba hulainika hata ukucha ukaikwangua. Kwa hiyo fundi aliiweka trei ya dawa ndani ya beseni la barafu aliyoinunua kwa wauza samaki (harufu yake ilitusindikiza usiku kucha), akangoja kipimajoto kishuke.

“Mzee, taa nyekundu je?” niliuliza.

“Hiyo ni ya karatasi za kuchapia picha, mwanangu. Filamu hii inaona hata nyekundu. Zima.”

Gizani alikishika kidole changu akakipeleka kwenye pembe ya filamu, penye vipengo vidogo: ukiishika wima navyo vikiwa juu kulia, upande wenye gelatini unakutazama. Tulizilowesha kwanza katika maji matupu zisigandane, kisha nikaanza kuzizungusha ndani ya trei, ya chini ikipanda juu kama mtu achanganyaye karata, naye akihesabu dakika kwa sauti. Ikafuata asidi yenye harufu ya siki, halafu dawa ya kugandisha picha, na hatimaye taa ikawashwa.

Ukuta uliowaka jua ulikuwa umetoka mweusi. Fundi hakuutazama, alitafuta sehemu za vivuli, ambazo kwenye negativu, yaani filamu iliyosafishwa ambayo mwanga hutoka mweusi, hubaki angavu, akitaka kuona kama mawe ya matumbawe yanatambulikana humo. Alizitenga mbili za kuchapa, akanikabidhi zote nikazisuuze na kuzianika kwa vibanio vya nguo.

“Kesho,” akasema, “barafu unanunua wewe.”